Umeme Nyuma ya Pikapu

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Oldeani



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya zahanati. Tutazungumza juu ya pikapu. Msicheke. Hapa Oldeani pikapu ndiyo punda wetu mkubwa. Inabeba kahawa, inabeba maharage, inapeleka mbuzi mnadani Karatu, inashuka Mang'ola kufuata vitunguu. Siku hizi wenye pikapu wengi wanataka iwe na kitu kimoja zaidi. Wanataka soketi ya umeme kule nyuma, kwenye bodi ya kubebea mizigo.

Je, hii ni anasa? Sisi tunaona si anasa. Ni kweli umeme umefika vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007. Lakini nguzo za umeme zinafuata nyumba na barabara. Hazifuati shamba. Mtu yuko bondeni kwenye vitunguu siku tatu mfululizo, simu imezima. Na simu ya leo si ya salamu tu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, simu imekuwa ndiyo mfuko wa fedha. Mnunuzi amefika, mzigo umepimwa, simu imezima: utalipwa vipi? Tena yako mabomba ya kupulizia dawa yanayotumia betri badala ya kupampu kwa mkono. Hayo nayo yanataka kuchajiwa. Kuna taa ya kupakilia mzigo usiku. Kuna pampu ndogo ya kujaza upepo kwenye matairi, na njia zetu mnazijua wenyewe.

Kwa hiyo soketi ina faida. Taabu ni namna inavyofungwa.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mtu anachukua waya mwembamba, pengine wa spika ya redio. Anauunga moja kwa moja kwenye betri. Anaupitisha chini ya gari, anaufunga hapa na pale kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mpaka nyuma. Anachomeka simu, inajaa. Mwenye gari anafurahi, anasema kazi imekwisha. Lakini gari linatikisika kila siku. Waya unasuguana na chuma polepole. Plastiki yake inachubuka. Siku moja shaba tupu inagusa chesisi, na hapo ndipo shoti inapotokea. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama makaa, na huo waya umepita karibu na bomba la petroli. Gari lililonunuliwa kwa mavuno ya miaka kadhaa linaweza kwisha kabla hujapata hata ndoo ya mchanga.

Ndiyo maana tumelileta jambo hili kwenye kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na neno lililokuja kusisitizwa sana ni kisomo chenye manufaa. Mtu asome mfuko wa mbolea, asome mizani, asiibiwe. Basi na umeme wa gari una maandishi yake. Ni herufi tatu tu: V, A na W. Mwenye kuzisoma hafungi kwa kubahatisha, na fundi hawezi kumfungia ovyo.

V, A na W

Tuanze na mfereji. Wakulima mliolima Mang'ola mnajua maji ya mfereji. Kuna mteremko unaosukuma maji. Kuna wingi wa maji yanayopita. Na kuna upana wa mfereji wenyewe. Umeme nao ni vivyo hivyo.

V ni volti. Huo ndio msukumo, kama mteremko. Betri ya pikapu ni volti 12. Injini ikiwa inaunguruma, altaneta huupandisha msukumo huo mpaka karibu volti 14. Malori makubwa mengi yana volti 24, yaani betri mbili zimeungwa pamoja. Kwa hiyo usiige tu ulichokiona kwenye lori. Chaja ikiandikwa 12V peke yake, ukiichomeka kwenye volti 24 itaungua. Ikiandikwa 12V–24V, inafaa kwote kuwili. Mnaona faida ya kusoma?

A ni ampea. Huo ndio wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji.

W ni wati. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika. Hesabu yake ni rahisi: volti mara ampea ni wati. Ukitaka kujua ampea, chukua wati ugawe kwa volti. Taa yenye W 24 kwenye betri ya V 12 inakula ampea 2. Chaja ya simu ya W 12 inakula ampea 1. Pampu ya upepo ya W 120 inakula ampea 10. Sasa mtu anataka achomeke pasi ya W 1,000 nyuma ya pikapu. Gawa mwenyewe: 1,000 kwa 12 ni zaidi ya ampea 83. Hiyo si kazi ya soketi ya nyuma. Shati litasubiri nyumbani.

Na waya je? Waya ndio mfereji. Ukiingiza maji ya mto mzima katika mfereji mwembamba, kingo zitabomoka. Waya hauna kingo za kubomoka. Wenyewe unapata moto.

Dukani waya hupimwa kwa milimita za mraba. Huitwa waya wa 1.5, wa 2.5, wa 4 na wa 6. Namba ikiwa kubwa, waya ni mnene. Kwa soketi ya nyuma ya pikapu tunashauri usinunue chini ya waya wa 4. Wapo watakaosema waya wa 1.5 unatosha, mbona taa inawaka? Kuwaka inawaka. Lakini kutoka betri mpaka nyuma ni kama mita 5, na umeme lazima urudi mita nyingine 5. Ukivuta ampea 15 katika waya wa 2.5 kwa safari hiyo ya kwenda na kurudi, unapoteza kama volti 1 njiani. Ukitumia waya wa 6, unapoteza kama nusu volti tu. Ile volti iliyopotea haikwenda mbinguni. Imegeuka joto ndani ya waya, chini ya gari lako.

Tena angalia ndani ya waya. Waya wa nyumba mara nyingi ni uzi mmoja mgumu wa shaba. Huo haufai kwenye gari, maana ukitikiswa kila siku utavunjika kwa ndani bila wewe kuona. Waya wa gari uwe na nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa. Muuzaji akikuambia ni mamoja, mwambie akate kipande mwangalie wote.

Fyuzi

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uhai wa gari.

Fyuzi ni kipande kidogo cha madini kilichowekwa makusudi kiyeyuke mapema. Umeme ukizidi, kinayeyuka, njia inakatika, waya unapona. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda simu au taa. Hapana. Fyuzi inalinda waya. Kwa hiyo fyuzi lazima iwe ndogo kuliko uwezo wa waya. Ukiwa na waya wa 4, fyuzi ya ampea 15 ni nzuri. Inatosha taa, inatosha simu kadhaa, inatosha pampu ya upepo, lakini si vyote kwa wakati mmoja kama umeongeza na mambo mengine. Jumlisha ampea zako kwanza.

Fyuzi zenye miguu miwili bapa, ambazo ndizo nyingi siku hizi, zina namba juu yake na zina rangi. Ya ampea 10 ni nyekundu. Ya 15 ni buluu. Ya 20 ni njano. Ya 30 ni kijani. Rangi inasaidia, lakini soma na namba, kwa sababu vumbi letu jekundu likishakaa juu ya fyuzi, hata ya buluu huijui.

Sasa fyuzi ikae wapi? Ikae karibu kabisa na betri, upande wa chanya, usizidi shubiri moja. Si nyuma karibu na soketi. Hebu fikirini. Fyuzi ikiwa nyuma, zile mita 5 za waya zinazopita chini ya gari hazina mlinzi. Zikigusa chuma katikati, umeme hautafika kwenye fyuzi, utaishia hapo hapo kwenye chuma, na fyuzi itabaki nzima huku gari linaungua. Mlinzi anakaa mlangoni, hakai uani.

Na ikiungua? Watu hufanya mambo ya ajabu. Mmoja anazungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwingine anaweka kipande cha waya, mwingine msumari. Halafu anasema, "Imepona!" Ndugu zangu, hiyo haikupona. Fyuzi iliungua kwa sababu ilikuambia kuna kosa mahali. Tafuta kosa, kisha weka fyuzi ya namba ile ile. Weka fyuzi mbili za akiba ndani ya gari. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya gari. Ikiungua tena mara moja, usiweke ya tatu. Nenda kwa fundi wa waya.

Namna ya kufunga

Kama unajiweza na spana, kazi hii haikushindi. Kama hujiwezi, simama karibu na fundi, umuulize kila hatua. Ni gari lako.

Zima injini. Vua pete na saa ya chuma. Volti 12 hazimrushi mtu kama umeme wa nyumbani, lakini pete ikiunganisha chanya na chuma cha gari, inapata moto papo hapo, na kidole kimo ndani. Usivute sigara juu ya betri, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Fungua kwanza waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu yake ni hii: chesisi yote imeungwa na hasi. Ukianza kufungua chanya na spana ikagusa bodi, ni shoti. Ukishaondoa hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu.

Hapa tuseme neno moja kwa wenye magari ya kale. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 zilijengwa kinyume: chanya ndiyo iliyoungwa na bodi. Kama mzee mmoja bado analo lililo hai, asome alama za betri kabla ya kugusa kitu.

Kutoka betri, waya upite kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi au rilei, kisha uende nyuma. Rilei ni kama bawabu. Umeme mdogo kutoka kwenye swichi ya funguo unamwamrisha afungue mlango wa umeme mkubwa. Ukizima gari, mlango unajifunga. Bila rilei wala swichi, soketi inabaki na umeme usiku kucha, na kila apitaye ataichomekea kitu. Piga hesabu. Betri ya Ah 70 ina maana inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 70, au ampea 7 kwa saa 10 hivi. Taa ya ampea 2 ikiwaka saa 12, imekula 24. Hapo gari bado litawaka. Jokofu dogo la gari likila ampea 5 kwa saa 12, limekula 60. Asubuhi utasukuma, na kama umeegesha bondeni Eyasi, utasukuma kupanda mlima. Betri ya gari haipendi kunyonywa chini ya nusu. Ikifanyiwa hivyo mara nyingi, inakufa kabla ya wakati wake.

Waya upite ndani ya paipu laini ya plastiki, kando ya chesisi. Usipite karibu na bomba la moshi, ile ekzosi, kwa sababu joto litayeyusha plastiki. Usifungwe pamoja na bomba la petroli wala bomba la breki. Usining'inie karibu na kitu kinachozunguka. Jina la Oldeani kwa Kimaasai ni mianzi, na huenda mtu akatuuliza kama waya unaweza kupita ndani ya mwanzi. Mwanzi utapasuka kwa mtikisiko. Tuuache mlimani.

Mahali waya unapopenya bati, toboa tundu, lainisha kingo zake, weka pete ya raba. Bati lililotobolewa ni kali kama kisu. Funga waya kila baada ya shubiri mbili au tatu, ili usipige piga.

Umeme ukishafika nyuma, lazima urudi. Mafundi wengi huunga waya wa hasi kwenye chesisi pale pale nyuma. Inawezekana, lakini ukwangue rangi mpaka chuma king'ae, ukaze nati vizuri, kisha upake grisi. Kwa matope ya masika, sisi tunapendelea waya mweusi urudi mpaka kwenye hasi ya betri. Gharama inaongezeka kidogo, lakini hakuna kutu ya kutafuta mwakani.

Soketi yenyewe iwe na kifuniko. Ifungwe juu kwenye ubavu wa ndani, mdomo ukielekea pembeni au chini, ili maji na vumbi visiingie. Usiifunge sakafuni. Gunia la maharage la kilo 100 halina huruma na soketi.

Petroli na maji

Mambo mawili yametufanya tusitake mazungumzo haya yapite hivi hivi.

La kwanza ni petroli. Wengi wetu tunanunua petroli Karatu na kuishusha Mang'ola kwa ajili ya mashine za kuvuta maji. Madumu yanakaa nyuma ya pikapu, hapo hapo penye soketi. Ukichomeka au kuchomoa kitu, soketi hutoa cheche ndogo. Mchana huioni. Lakini mvuke wa petroli unaiona. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajaa ndani ya bodi kama maji. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa lori zima, lakini petroli ni ile ile. Siku ya kubeba madumu, zima swichi ya soketi kabla ya kupakia, wala mtu asichomeke simu mpaka madumu yameshuka na bodi imepata upepo. Na kama kuna watu wamepanda juu ya mzigo huo, jambo ambalo askari wa usalama barabarani wana maneno yao juu yake, basi hatari si ya gari tena.

La pili ni inveta. Hii ni mashine inayogeuza volti 12 kuwa volti 230, kama umeme wa nyumbani. Inauzwa madukani, na vijana wanaipenda kwa sababu unaweza kuchomeka kompyuta au mashine ya kunyolea. Hatusemi msinunue. Tunasema volti 230 zinaua, na nyuma ya pikapu huwa na maji, matope na miguu mitupu. Inveta ikae ndani, mbele, pakavu, penye hewa. Nyuma ziende volti 12 tu. Soma pia wati zake. Inveta ya W 300 ikifanya kazi yote inavuta zaidi ya ampea 25 kutoka kwenye betri. Fyuzi yetu ya 15 na waya wetu wa 4 hazikupangwa kwa ajili hiyo. Inveta inataka waya wake mnene na fyuzi yake, mbali na soketi ya nyuma. Na mtu asithubutu kuunga inveta ya gari kwenye nyaya za nyumba.

Kazi ikikwisha, rudisha hasi ya betri. Washa soketi. Chomeka kitu kikubwa ulichonacho, tuseme pampu ya upepo, uiache dakika tano. Kisha pitisha mkono juu ya waya, juu ya fyuzi, juu ya kila kiungio. Vuguvugu si kitu. Pakiwa na joto la kukufanya utoe mkono, hapo pana kiungio kilicholegea au waya mwembamba. Zima, fungua, ukaze upya. Baada ya wiki moja ya safari, rudia tena, kwa sababu nati za gari letu hulegea zenyewe kwenye barabara za huku.

Halafu chukua rangi na brashi ndogo. Fungua boneti. Andika juu ya kisanduku cha fyuzi, kwa herufi kubwa ambazo fundi yeyote atazisoma: SOKETI YA NYUMA. V 12. FYUZI A 15. WAYA 4. Andika na tarehe uliyofunga.